Mkono wa Jana

Kitelezi kimeshuka peke yake.
Mama amekiona, sindano ikasita
katikati ya kiua.
"Bismillahi. Mize, n'nani huyo anokishusha?"

Si jini, mama. Ni mimi.
Ni mimi wa jana, saa nne ya usiku,
kabla uniti za Tukuza hazijatuishia:
nilikishusha kwa kidole, mashine ikahifadhi,
na leo inanirudishia kidole changu
bila ya mimi.

Akachekea puani. Akaivuta taa karibu.
Kisha, uzi mdomoni:
"Mkono wangu wa mwaka juzi
uko Mombasa, kichwani mwa mtu nisomjua,
unakwenda naye sokoni.
Huo wako una ajabu gani?"

Hapo nikamsogezea kiti.

Tazama. Huu mstari wa kijani ni sauti ya besi.
Nimeutia nukta hapa, na hapa, na kule,
na baina ya nukta na nukta unateremka wenyewe
kama maji ya mvua mtaroni, pale Jadida penye kona.
Huu wa manjano ni filta: unaifunika ngoma
kama ufunikavyo sufuria ya wali,
halafu unaacha mvuke utoke,
kidogo,
kidogo,
mpaka pigo la thelathini na mbili, mfuniko pwaa,
na wavivu wa Wete nzima wainuke vitini.
Huu mwingine unaichukua kayamba
sikio la kulia, uende nayo la kushoto, urudi.
Mistari minane inajiendesha
nami nimekaa, mikono mapajani,
kama mgeni kwangu.

"Umeshona," akasema. "Ila hujatoboa kitambaa."

Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja
ambao sikutaka kuuonyesha bado.
Kanda ya marehemu baba, zumari yake,
alojirekodi uani kwa redio ya kaseti
mwaka ambao mimi sijakuwapo.
Nimeiondoa mivumo. Nimemwacha jogoo
(jogoo hasafishiki).
Dakika ya pili zumari inazama,
sekunde nne, tano, kisha inarejea.
Nikasema: pumzi. Mtu wa watu kachoka.
Wiki nzima nimepanga nukta, moja moja,
kumwinua pale alipoanguka,
hata sauti ikanyooka kama uzi ulotiwa nta.
Hakuna atakayejua, nikajisifu.

Nikabonyeza.
Zumari ikapita juu ya besi yangu,
ikafika dakika ya pili, ikapita tu,
na mama akanyoosha mkono
kama aliyepitwa na mtu bila ya salamu.

"Rejesha. Hapo umefuta kitu."
Sikufuta, mama, nimejaza. Pumzi ilimpungua.
"Pumzi? Mtu akipuliza toka isha hata alfajiri?"
Kofia akaiweka chini.
"Pale hakuishiwa na chochote. Pale nilipita na sinia,
akageuka kunitazama.
Zumari ikageuka naye."

Uchochoroni mtu alikuwa akipiga teke pikipiki,
haiwaki, haiwaki.

Nikazichagua nukta zote, kumi na tisa,
nikazifuta.
Mstari ukalala. Sauti ikazama
sekunde nne, tano,
na ndani ya ule upungufu, sikio kwenye spika,
nikasikia kitu chembamba: kijiko,
au bangili, kwenye ukingo wa sinia.

Besi yangu nikaiteremsha pia hapo,
nukta mbili tu, ipishe.

Mama keshaokota sindano.
Anasema kesho niipandishe kidogo ile bangili.
Kidogo tu.
Asisikie mtu.